Kinyongo na Sarufi Yake: Lawama kwa Kocha Aliyeondoka katika Lugha ya Mashabiki wa Soka wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Maapizo ni utanzu wa fasihi simulizi unaofahamika vyema madarasani. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa kuwa maapizo ni maneno ya kumtakia mabaya mtu aliyeikosea jamii, na kwamba yalitolewa na wazee au watu waliodhulumiwa. Mara chache huelezwa kuwa utanzu huo ungali hai. Anayetaka kuusikia hana haja ya kwenda mbali: atausikia Jumapili jioni katika vibanda vya video vya mji wa Migori, katika vituo vya bodaboda vya Rongo na Awendo, na kandokando ya ziwa huko Homa Bay, mahali ambapo mashabiki wa soka humjadili kocha aliyekwisha kuondoka. Kocha mwenyewe hayupo. Pengine yuko ng'ambo, na hata angekuwapo huenda asingeielewa lugha anayosemwa nayo. Hata hivyo husemwa, tena kwa miaka.

Makala haya yanachunguza lugha hiyo kwa kuzingatia msamiati, sitiari na, zaidi ya yote, sarufi yake. Msingi wa uchunguzi ni mtazamo wa mwanaisimu M.A.K. Halliday kwamba sarufi ni mfumo wa uteuzi: msemaji huchagua umbo moja akaacha mengine, na katika kuchagua huko huamua nani awe mtenda, nani awe mtendwa, na nani asitajwe kabisa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha ya ushabiki ni tajiri mno inapomlaani kocha aliyeondoka, lakini huwa maskini inapohitajika kuwataja waliomwajiri, waliomlipa au kutomlipa, na waliomwachisha kazi. Umaskini huo hautokani na upungufu wa Kiswahili. Ni uteuzi, na uteuzi waweza kubadilishwa.

Mazingira ya lugha na ya soka

Kaunti ya Migori inapakana na Tanzania, na mji wa Isebania unatazamana na Sirari ng'ambo ya mpaka. Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii na Wasomali hukutana sokoni na vituoni, na Kiswahili ndicho daraja lao. Kwa sababu ya mpaka huo, msamiati wa soka hutoka pande mbili. Kutoka vyombo vya habari vya Kenya huja "mkufunzi" na "kupigwa kalamu". Kutoka redio za Tanzania huja "mwalimu", "benchi la ufundi" na "kufungashiwa virago". Shabiki wa Migori huyatumia yote bila kuuliza yametoka wapi, na habari za Simba na Yanga humfikia kama habari za jirani.

Timu zinazogusa mioyo ya wenyeji ni mbili hasa. Ya kwanza ni Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968. Ingawa makao yake ni Nairobi, jina lake limetoka Homa Bay. Mapokeo ya Kijaluo yanamsimulia Gor kuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, katika eneo la Ndhiwa, mtu aliyesifika kwa maajabu na kwa uwezo wa kujigeuza maumbo. Ya pili ni SoNy Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2006. Juu ya hizo mbili kuna timu za Uingereza zinazotazamwa kwenye runinga, na ambazo makocha wao hujadiliwa kana kwamba wanaishi mtaa wa pili.

Dhana ya kinyongo

Ni muhimu kutofautisha hasira na kinyongo. Hasira huzuka siku ya mchezo na aghalabu hupoa kabla ya mchezo unaofuata. Kinyongo ni uchungu uliowekwa. Neno lenyewe linakaribiana kwa umbo na "nyongo", majimaji machungu yaliyo ndani ya mwili, na mtu hasemwi kuwa "ana kinyongo" ila pale ambapo uchungu umekaa ndani kwa muda. Kwa sababu hiyo, shabiki humkasirikia kocha aliyepo lakini humwekea kinyongo kocha aliyekwisha kwenda. Hasira hutaka kitu kitendeke, kwa mfano mchezaji fulani aingizwe au mfumo wa uchezaji ubadilishwe. Kinyongo hakina cha kutaka, kwani muda wa kutaka umepita.

Alama ya kwanza ya mpito huo ni ya kimsamiati. Akiwa kazini, mtu huyu huitwa "kocha wetu" au, kwa heshima, "mwalimu". Akiondoka, heshima huvuliwa na kirai kirefu huchukua nafasi yake: "yule aliyekuwa kocha". Kirejeshi "-ye-" na wakati uliopita vinampeleka mbali, na kionyeshi "yule" kinamweka mbali zaidi. Kiwakilishi "-etu" huondolewa. Mtu aliyekuwa wa nyumbani amefanywa mgeni kwa viambishi vichache.

Mgeni, mganga na mkwe

Sitiari tatu hutawala mazungumzo haya. Ya kwanza ni ya ugeni. Methali isemayo kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni humfaa kocha kuliko watu wengi: ushindi wake wa kwanza huitwa bahati, na kushindwa kwake kwa kwanza huwa ushahidi wa kile ambacho kila mtu "alikuwa amekiona tangu mwanzo". Gor Mahia imewapokea wageni wengi kwa kipindi kifupi. Kati ya 2018 na 2022 pekee, miongoni mwa waliokalia benchi lake au kuajiriwa ili walikalie walikuwa Dylan Kerr, Hassan Oktay, Steven Polack, Roberto Oliveira, Carlos Vaz Pinto, Mark Harrison na Jonathan McKinstry. Mgeni anapobadilishwa mara nyingi hivyo, hata kamba ya mguuni haipati muda wa kulegea.

Sitiari ya pili ni ya uganga. Kocha husemwa kuwa "dawa yake imeisha nguvu", au kuwa "alikuja na mkoba mtupu". Katika eneo ambalo timu pendwa imerithi jina la mganga, sitiari hii si pambo tu. Mashabiki hudai kutoka kwa kocha kile ambacho jina la timu limekwisha kuahidi: maajabu. Mganga wa mapokeo alijigeuza umbo ili awaponyoke maadui zake. Kocha wa leo anayebadilisha rangi ya fulana na kwenda kwingine husomwa kama mtu aliyejigeuza ili awaponyoke watu wake mwenyewe. Ndiyo maana Kerr, ambaye chini yake Gor ilitwaa ubingwa wa 2017 na 2018, angeweza kuingia katika mazungumzo ya lawama alipoondoka Novemba 2018 kwenda Black Leopards ya Afrika Kusini. Hakulaumiwa kwa kushindwa, bali kwa kwenda. Hapa methali ya baniani mbaya ambaye kiatu chake ni dawa hupata maana kamili: vikombe hubaki kabatini na kuhesabiwa, aliyevileta akasemwa.

Sitiari ya tatu ni ya ndoa na ukwe. Mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964, huitwa debi ya Mashemeji, yaani mpambano wa watu waliooana. Jina hilo ni la Kiswahili na limebeba dhana ya utani: mashemeji huruhusiwa kutaniana kwa maneno ambayo kwa watu wengine yangekuwa matusi. Kwa hiyo kocha anayetoka upande mmoja na baadaye kwenda upande wa pili, kama alivyofanya Zdravko Logarušić aliyeifunza Gor Mahia, akaenda Simba ya Dar es Salaam, kisha akaifunza Leopards mwaka 2015, huwekwa mahali pa ajabu kisitiari. Hakwenda kwa adui. Amekwenda kwa wakwe. Lawama dhidi yake huweza kumezwa na utani. Huu ni ushahidi kwamba jamii inaweza kuunda chombo cha lugha cha kuupoza uchungu pale inapotaka. Swali ni kwa nini chombo hicho hakitumiki mahali pengine.

Sarufi ya lawama

Jibu la swali hilo limo katika miundo ya sentensi. Zitazamwe sentensi hizi za kawaida, ambazo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili cha ushabiki atazitambua:

(a) Kocha ametuuza.
(b) Kocha amekimbia.
(c) Kocha amemwaga unga.
(d) Kocha amepigwa kalamu.
(e) Timu imeporomoka.
(f) Mishahara imechelewa.

Katika (a), kiambishi cha kiima "a-" kinamfanya kocha kuwa mtenda, na kiambishi "-tu-" kinawafanya mashabiki wote kuwa watendwa. Kitenzi "uza" ni kikali: kinadai kwamba palikuwa na bei na mnunuzi, ingawa hakuna anayetakiwa kuvitaja. Katika (b), kuondoka kunageuzwa kuwa kutoroka. Kocha aliyemaliza mkataba, aliyepata kazi bora na ambaye hakulipwa wote watatu huweza "kukimbia", na tofauti baina yao hupotea.

Sentensi (c) inastahili kuangaliwa kwa makini. Kumwaga unga ni kupoteza kazi, lakini nahau hiyo huweka tendo mikononi mwa aliyeachishwa. Ni yeye aliyeushika unga na ni yeye aliyeumwaga. Aliyemsukuma mkono hayumo. Katika (d), kinyume chake, kocha ni mtendwa, na kauli ya kutendwa inaruhusu kuongezwa kwa "na fulani". Aghalabu haiongezwi. Kinachotajwa ni kalamu tu. Mkono ulioishika haujulikani. Nahau hizi mbili, ambazo hupamba vichwa vya habari za michezo kila msimu, zinafanana kwa jambo moja: hakuna mwajiri ndani yake.

Sentensi (e) na (f) zinakamilisha picha. "Poromoka" ni kitenzi cha hali, chenye "-k-" inayoeleza kuwa jambo limetokea bila kuashiria aliyelitenda. Mtu aweza kuuliza "imeporomoka vipi?", lakini sarufi haimpi nafasi ya kuuliza "imeporomoka na nani?" Vivyo hivyo "mishahara imechelewa". Mishahara inasemwa kana kwamba ina miguu yake, ikaondoka nyumbani kwa wakati na kukwama njiani. Kiambishi kimoja tu cha usababishi, pamoja na kile cha kutendwa, kingetosha kubadilisha kila kitu: "mishahara imecheleweshwa". Mara tu kauli ya kutendeshwa inapoingia, swali "na nani?" huwa halali, na anayeulizwa hana budi kujibu.

Mkabala wa jumla ni huu. Kocha hupewa vitenzi vya kutenda: ameuza, amekimbia, ameharibu, amemwaga. Uongozi na fedha hupewa vitenzi vya hali: imeporomoka, imechelewa, imeshindikana. Mwenye uso na jina hulaumiwa. Mambo yasiyo na uso hutokea tu.

Mifano mitatu

Mfano wa kwanza unatoka Awendo. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa iliondoa ufadhili wake katika michezo ya Kenya, na klabu nyingi zikatikiswa. Novemba mwaka huo SoNy Sugar, mabingwa wa 2006, waliondolewa Ligi Kuu kwa kutofika uwanjani mara tatu. Hakuna kocha aliyepanga kikosi kibaya siku hizo, kwa kuwa hapakuwa na kikosi kilichopangwa. Kwa hiyo sarufi ya lawama ilikosa mtenda wake wa kawaida. Kinachobaki midomoni ni "timu ilikufa", kitenzi kinachofanya tukio la kifedha na kiutawala lionekane kama ajali ya kimaumbile. Watu wenye maapizo mengi kwa makocha waliopita hawana hata moja la kusema juu ya kifo cha timu yao wenyewe.

Mfano wa pili unaiunganisha Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 2020 Gor Mahia ilimwajiri Roberto Oliveira wa Brazili, maarufu kama Robertinho. Aliondoka kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa hakuwa na vyeti ambavyo Shirikisho la Soka la Afrika liliwataka makocha wa mashindano yake wawe navyo. Sentensi ya kawaida kuhusu kisa hiki ni "kocha hakuwa na vyeti". Sentensi "kocha aliajiriwa bila vyeti" ina ukweli uleule, lakini inafungua nafasi ya "na nani?" Januari 2023 kocha huyohuyo alipata kazi Simba. Oktoba 2023 timu yake ilitoka sare mara mbili na Al Ahly ya Misri, 2–2 na 1–1. Tarehe 5 Novemba ilifungwa na Yanga 5–1, na siku mbili baadaye akafungashiwa virago. Kwa wasikilizaji wa Isebania na Sirari, mabao matano yakawa wasifu wake wote. Sare za Al Ahly hazikuwa na nafasi katika sentensi.

Mfano wa tatu ni wa timu ya taifa, lakini unaonyesha gharama ya sarufi hii. Mwaka 2014 Adel Amrouche aliachishwa kazi ya kuifunza Harambee Stars baada ya Kenya kutolewa na Lesotho katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. "Amepigwa kalamu," likawa tangazo la furaha. Hata hivyo mkataba wake ulikuwa haujaisha. Alilalamika, akashinda, na shirikisho la soka nchini likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Bobby Williamson, ambaye mwaka 2013 aliipa Gor Mahia ubingwa wa kwanza tangu 1995 kabla ya kwenda timu ya taifa, naye alishinda madai ya namna hiyo. Kalamu iliyotajwa bila mkono ilikuwa na mkono, na bili yake iliwafikia watu waliokuwa wakishangilia.

Kinyongo na wakati

Ingekuwa kosa kuhitimisha kuwa kinyongo cha mashabiki ni upumbavu. Shabiki anayesafiri kutoka Migori hadi Nairobi kutazama mchezo hutoa nauli, kiingilio na siku mbili za kazi. Anadai fidia, na kwa kuwa hana kikao cha klabu anachoalikwa wala hesabu anazosomewa, chombo pekee alicho nacho ni ulimi. Kocha ndiye aliye karibu na ulimi huo. Yeye huonekana pembeni mwa uwanja kwa dakika 90. Mwenye mkoba haonekani.

Aidha, kinyongo si cha milele. Arsène Wenger aliifunza Arsenal kwa miaka 22, na katika miaka yake ya mwisho mabango ya kumtaka aondoke yalisambaa duniani hata likaonekana moja katika maandamano ya Harare ya Novemba 2017 dhidi ya Robert Mugabe. Aliondoka mwaka 2018. Mwaka 2023 sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja wa klabu hiyo. Vibandani Migori, vinywa vilevile vilivyomlaani vilianza kumtaja kuwa "mzee wetu". Kimsamiati, "-etu" ilirudi. Kilichobadilika si matokeo ya miaka ile, kwani hayo yamekwisha kuandikwa. Kilichobadilika ni umbali, na pamoja nao, ufahamu wa mambo mengine yaliyokuwa yakitendeka klabuni wakati lawama zote zilipokuwa zikimwelekea mtu mmoja.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba lawama kwa kocha aliyeondoka ina sarufi yake. Sarufi hiyo humvua heshima kwa kirejeshi na kionyeshi, humvika sitiari za mgeni na mganga, humfanya mtenda wa kila kibaya, kisha huyaficha maamuzi ya wengine ndani ya vitenzi vya hali na nahau zisizo na mwajiri. Jina la Mashemeji limethibitisha kuwa mashabiki haohao wanaweza kuitumia lugha kwa hekima kubwa wanapopenda.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotoka Migori na Homa Bay wayakusanye mazungumzo ya vibandani na vituoni kama wanavyokusanya ngano na vitendawili, kwa sababu humo mna maapizo, lakabu, misimu na utani ambao bado haujapoa. Pili, wanahabari wa michezo wanaoandika kwa Kiswahili wajizoeze kuikamilisha kauli ya kutendwa. Baada ya "amefutwa kazi", wamalizie "na" na jina la aliyemfuta. Baada ya "mishahara", waandike "imecheleweshwa" pale ambapo kuna aliyeichelewesha. Ni neno moja au mawili tu. Shabiki wa Awendo, ambaye timu yake "ilikufa" bila kutajiwa aliyehusika, anastahili kuyapata.